Furaha Iliyopotea Hupatikana Wapi?

Kuna ugonjwa mmoja ambao haupimwi kwa kipimo cha homa. Mwenye kuugua hula, hulala, huenda kazini na kurudi, lakini moyo wake umezimika kama taa iliyokwisha mafuta. Mkulima wa Ganze huamka alfajiri, hushika jembe lake, hulitazama konde la mahindi lililokauka kwa mwaka wa pili, akajiuliza analima kwa ajili ya nani. Karani wa Malindi hukaa mezani pake tangu saa mbili asubuhi hata jioni, huandika barua za watu wengine, hupokea mshahara mwisho wa mwezi, hulipa madeni, na mwezi mwingine huanza vile vile. Hakuna aliyemkosea, wala hakuna msiba nyumbani kwake. Ila furaha imetoka, na ilipotoka haikuaga.

Dawa zinazotumiwa kwa ugonjwa huu ni nyingi. Mmoja huitafuta furaha katika tembo la mnazi, na kesho yake huamka hana furaha wala fedha. Wa pili husadiki kwamba akihamishwa kituo au akipandishwa cheo mambo yatakuwa mazuri; akahamishwa, naye akaenda na moyo ule ule ndani ya sanduku lake. Wa tatu huenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyemroga, na mara shaka humwangukia mzee wa jirani ambaye kosa lake ni mvi zake tu. Wa nne hutoka kanisa moja akaenda jingine, akitafuta mahali penye sauti kubwa zaidi na ahadi kubwa zaidi.

Dawa hizo zina kasoro moja iliyo sawa kwa zote. Kila moja humfanya mgonjwa ajitazame mwenyewe, asubuhi na jioni, kama mtu anayefungua kidonda chake kila saa ili aone kama kimepona. Kidonda cha namna hiyo hakiponi.

Jibu la swali hili halina haja ya kuagizwa ng'ambo. Limo katika historia ya nchi hii ya Kilifi, na mahali pa kulianzia ni Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa.

MAKABURI KABLA YA KANISA

Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, mmishenari wa chama cha CMS cha Kiingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe alifariki kwa homa baada ya kujifungua binti, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata mamaye. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa. Kazi aliyoijia ilikuwa bado haijaanza, naye tayari alikuwa na makaburi mawili katika nchi ya ugeni. Kama angalipanda chombo na kurudi kwao, nani angalimlaumu?

Hakurudi. Alikaa na watu, akauliza maneno yao na kuyaandika. Kazi hiyo ikazaa kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka 1850, na kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wote wawili walipanda kwenda Rabai, wakiwa na homa, wazee wa Rabai wakawapokea.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo watu walimiminika. Sivyo. Mkristo wa kwanza aliyebatizwa hakuwa mzee wa kaya wala mtu mwenye mali. Alikuwa kilema, jina lake Mringe, naye alibatizwa wakati maisha yake yamekaribia mwisho. Baada yake alikuja Abe Gunja. Krapf alipoondoka kwa sababu ya afya yake, Rebmann alibaki na kundi ambalo hata miaka mingi ilipopita liliweza kukaa chini ya mwembe mmoja. Alikaa Pwani miaka 29. Watu wengi humkumbuka kwa kuwa mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Wachache hukumbuka mwisho wake: mwaka 1875, alipoondoka Rabai, macho yake yalikuwa yamekwisha kupotea kabisa, hata ikawa lazima ashikwe mkono.

Mkono uliomshika ulikuwa wa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Kijana huyo wa Rabai alisafiri na mzee kipofu hata Ujerumani, akamhudumia katika nchi ya baridi ambayo yeye hakuijua. Mwaka 1876 Rebmann akafariki huko kwao. Wahenga walisema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Mzee yule alikufa macho, lakini alikuwa ameacha nyuma yake watu waliojua kumshika mkono mwenzao. Kwa hesabu ya makarani, miaka 29 kwa watu wachache kama wale ni hasara tupu. Kwa hesabu nyingine, yule kijana mmoja alitosha.

MTOTO ALIYEUZWA AKARUDI

Lakini mtu anayefundisha zaidi katika habari hizi ni William Henry Jones. Jina ni la Kiingereza, mtu mwenyewe ni Mwafrika. Alinyakuliwa kwao bara angali mtoto, akauzwa. Katika miaka ile manowari za Waingereza zilikuwa zikivizia majahazi ya watumwa baharini, na watoto waliookolewa walipelekwa Bombay, kwa kuwa kurudishwa makwao kulikuwa hakuna njia. Huko Bara Hindi, mahali paitwapo Sharanpur karibu na mji wa Nasik, misheni iliwatunza, ikawafundisha kusoma, kuandika na kazi za mikono. Wengine wao baadaye walifuatana na David Livingstone, na alipokufa mwaka 1873 walikuwamo katika msafara uliouleta mwili wake pwani.

Msomaji na afikiri kidogo juu ya hali ya mtoto kama huyo. Mama hayupo, na hata njia ya kurudi kwake haijulikani. Lugha ya kwao inafifia kinywani. Jina alilopewa alipozaliwa limechukuliwa na lingine. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukaa chini na kulia maisha yake yote, ni huyo.

Mwaka 1864 Jones na mwenzake Ishmael Semler, pamoja na wake zao, walivuka bahari kurudi Afrika ili wamsaidie Rebmann huko Rabai. Walirudi kwenye pwani ile ile iliyokuwa soko la watu kama wao. Utumwa ulikuwa bado haujaondoka. Mashamba makubwa ya Malindi yalikuwa yakitoa mtama na ufuta wa kupeleka Arabuni, na mikono iliyolima ilikuwa ya watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 baina ya Uingereza na Sultani Barghash wa Unguja ulikataza kuwasafirisha watumwa baharini na kufunga masoko, lakini aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa. Mwaka 1875 kijiji cha Frere Town kilianzishwa ng'ambo ya Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari, na watumishi hawa waliotoka Bombay walikuwa nguzo zake.

Basi watumwa wa mashamba wakaanza kukimbia. Wengine walikwenda Fuladoyo, katika nyika ya nyuma ya Malindi, ambako Wagiriama Wakristo walikuwa wamejenga kijiji bila mmishenari wa Ulaya kukaa nao. Kiongozi wao, David Koi, alijua hatari ya kuwapokea wakimbizi, naye akawapokea. Mwaka 1883 aliuawa na watu waliotoka pwani kwa ajili ya jambo hilo. Yeye huhesabiwa kuwa Mkristo wa kwanza wa Kenya aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Hakuuawa kwa kuhubiri tu. Aliuawa kwa sababu mlango wake ulikuwa wazi. Wengine wengi walikimbilia Rabai, ambako Jones alikuwako.

BENDERA YA BULUU

Tarehe 31 Mei, 1885, siku ya Jumapili ya Utatu, Askofu James Hannington aliwatia Jones na Semler mikono kuwa mashemasi. Miezi miwili haikupita, Jones aliondoka pamoja na Askofu katika msafara wa kwenda Uganda kwa njia mpya ya kupitia nchi ya Wamasai. Walifika mpaka Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo. Hapo Askofu alichagua watu hamsini wa kuendelea naye, akamwachia Jones wengine wote awatunze mpaka atakapopeleka habari.

Habari zilizofika hazikuwa za Askofu bali za kifo chake. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, na watu wake karibu wote pamoja naye. Wachache waliookoka walirudi Kwa Sundu kusimulia.

Sasa Jones alikuwa na kundi la wapagazi waliokata tamaa, mamia ya maili kutoka nyumbani, na mkubwa wake amekufa. Aliwaongoza njia yote hiyo kurudi, akafika nao Rabai mwezi wa Februari 1886. Mbele ya msafara palikuwa na bendera ya buluu, rangi ya matanga, na juu yake herufi nyeupe: ICHABOD. Katika Biblia ya Kiswahili jina hilo huandikwa Ikabodi. Ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba wa Israeli, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Ni vema kusimama hapo kidogo. Watu hudhani mwenye imani hapaswi kusema neno kama hilo. Kwamba ni lazima acheke hata moyo unapotoka damu. Huyu shemasi mpya hakuficha kitu. Msiba ulikuwa msiba, naye aliruhusu uandikwe kwa herufi kubwa na kuchukuliwa mbele ya watu wote. Imani yake haikuwa ya kujifanya. Lakini bendera ile aliichukua akitembea. Alikuwa na watu wa kuwafikisha kwao, na watu hao walihitaji chakula, maji na mtu wa kuwatangulia. Huzuni yake haikupata nafasi ya kukaa chini.

MWAKA MPYA WA RABAI

Jambo lililofuata ndilo linalofaa kukumbukwa zaidi. Jones hakusema kwamba amekwisha kutoa sehemu yake. Alirudi katika kazi ya uchungaji pale Rabai, na wakimbizi wakazidi kuja. Walijenga vibanda, wakalima mihogo na mahindi, wakaoa na kuzaa, wakaketi kanisani pamoja na wenyeji. Kazi ya mchungaji wa namna hiyo haina fahari: kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya konde, kufundisha watu wazima herufi, kuwazika watu wasio na ndugu wa kuwalilia. Lakini kila mtu aliyeingia pale akitetemeka alikuta anapokelewa na mtu aliyejua utumwa ni nini.

Mwaka 1888 mambo yakafika ukingoni. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imekuja kuishika nchi ya pwani, na wenye watumwa walidai mali yao irudishwe. Ilipofanywa hesabu, walionekana zaidi ya watu 1,400 katika vituo vya misheni ambao kwa sheria ya wakati ule walikuwa mali ya watu, na wengi wao walikuwa Rabai. Misheni iliogopa vita. Kuwarudisha kulikuwa ni kuwapeleka kwenye mijeledi. Kukataa kulikuwa ni kuhatarisha maisha ya wote.

Mkubwa wa Kampuni, George Mackenzie, akakata shauri la kuwalipa wenye watumwa reali 25 kwa kila mtu. Fedha zilipatikana kwa Kampuni, kwa Serikali ya Uingereza na kwa marafiki wa misheni. Tarehe 1 Januari, 1889, siku ya Mwaka Mpya, watu walikusanyika Rabai kupokea hati zao za uhuru. Hali ya utumwa yenyewe haikufutwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo watu hao walitangulia wenzao kwa miaka 18.

Mahali ambapo Februari 1886 palipita bendera ya matanga, baada ya miaka mitatu pakawa na watu wanaochukua uhuru wao mikononi. Mtoto aliyeuzwa alikuwa mchungaji wa watu waliokombolewa. Kama angalitumia miaka yake kuitafuta furaha aliyonyang'anywa utotoni, asingaliipata, kwa maana mama yake na nyumba ya kwao havikurudi. Alipewa watu wa kuwatumikia, na furaha ilikuja nyuma ya kazi hiyo, kama kivuli kinavyomfuata mtu anayetembea kuelekea jua. Ukigeuka kukifukuza kivuli, hukikamati. Ukishika safari yako, hukuandama chenyewe.

IMANI INAFANYA NINI HAPO

Msomaji mwenye akili atauliza: je, kusaidia watu si kunatosha? Kwa nini kuitia dini? Ni swali la haki, na lazima lijibiwe kwa adabu, kwa kuwa Waislamu wa Malindi na Mambrui wanaijua sadaka, na wazee wa kaya waliujua ukarimu tangu kabla ya mmishenari yeyote kufika.

Jibu la Mkristo ni kwamba mtu hawezi kutoa siku zote katika kikapu kitupu. Anayetumikia ili asifiwe huchoka siku sifa zinapokoma. Anayetumikia ili alipwe huacha anapodhulumiwa. Mkristo huamini kwamba yeye mwenyewe ametumikiwa kwanza: kwamba Bwana wake alijifunga kitambaa kiunoni, akapiga magoti, akaosha miguu ya wavuvi iliyojaa vumbi. Aliyeoshwa hivyo hawezi kuona haya kuosha wengine, wala hana haja ya kuandika katika daftari ni nani aliyeshukuru. Jones alikombolewa na watu wasiojua jina lake; naye akawapokea watu ambao hakuyajua majina yao. Huo ndio mwendo wa imani inayoleta furaha: hupokelewa bure, hutolewa bure.

Na kuna kipimo cha kuijua imani hiyo, maana si kila neno lililovikwa jina la Yesu ni la Yesu. Nchi ya Malindi imejifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga chakula hata kufa watakutana na Bwana wao. Ilihesabiwa miili zaidi ya 400, na ya watoto ilikuwamo. Viongozi wakafikishwa mahakamani. Wengi wa wale waliokwenda kule walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta kile kile kinachozungumzwa hapa: amani, maana ya maisha, furaha iliyopotea. Haifai kuwacheka. Yafaa kuwalilia.

Lakini tofauti ya Shakahola na Rabai ionekane wazi, na baba wa nyumba awafundishe watoto wake. Rabai mtu alitoka gizani akaletwa kwa watu. Shakahola alitolewa kwa watu akapelekwa porini. Rabai aliyefika na njaa alipewa jembe alime ale. Shakahola mwenye chakula alifundishwa kukiacha. Rabai watoto walifundishwa kusoma; huko wazazi walifundishwa kwamba shule ni uovu. Basi mhubiri yeyote akija na maneno matamu, na aulizwe swali moja: mafundisho yako yananipeleka kwa jirani yangu, au yananitenga naye? Imani inayomfungia mtu mlango wa ndugu zake haitoki kwa yule aliyemsifu Msamaria kwa kumhudumia mgeni njiani.

Na katika siku zile zile za msiba lilionekana tena jibu la zamani. Hospitalini Malindi, Chama cha Msalaba Mwekundu kiliweka meza ya kuwasikiliza watu waliokuja kutafuta ndugu zao. Kuketi na mama asiyejua mwanawe yuko wapi, na kuandika jina la mwanawe vizuri bila haraka, ni kazi ya karani. Siku hiyo ni kazi takatifu.

LA KUFANYA

Isifikiriwe kwamba ni lazima mtu avuke bahari au aongoze msafara. Utumishi ulio karibu ndio ulio mgumu, na ndio uponyao.

Karani ana kalamu, na kalamu ni mali. Katika kila kijiji baina ya Mtwapa na Marafa wako wazee wenye madai ya ardhi wasioweza kusoma karatasi wanayotakiwa kutia dole gumba. Jumamosi moja kwa mwezi, chini ya mwembe, karani anayewasomea karatasi hizo na kuwaeleza maana yake kabla hawajatia dole, pasipo kutaka hata shilingi moja, atawaokoa wengine wasipoteze mashamba yao. Naye atarudi nyumbani amechoka kwa uchovu ulio tofauti na ule wa ofisini.

Mkulima ana mikono na anajua majira. Mvua za kwanza zikikaribia, konde la mjane aliye jirani likilimwa kwa zamu na watu watano, kazi ya mwezi huisha kwa siku mbili. Mbegu haikuongezeka kwa mkulima, wala ukame haukuondoka. Lakini swali lile la asubuhi, "ninalima kwa ajili ya nani," limepata jibu.

Liko jambo jingine, nalo ni zito. Katika nchi hii ya Kilifi wazee wengi wamefukuzwa majumbani mwao, na wengine wameuawa, kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi aliye nyuma ya shauri hilo ni kijana wa ukoo anayelitaka shamba. Hata imekuwa lazima kuweka makao ya kuwahifadhi wazee hao katika Kaya Godoma, huko Ganze. Ni aibu kwa nchi kwamba mvi zimekuwa hati ya kifo. Mkristo wa kijiji asiyejua aanzie wapi utumishi wake, aanzie hapo: aende akaketi na mzee anayenong'onwa, mchana, watu wote wakiona, anywe maji katika kata yake. Kitendo hicho hakigharimu fedha. Hugharimu ushujaa, na ndio ule ule wa David Koi: kuuweka mlango wazi kwa mtu ambaye wenye nguvu wamesema afungiwe.

Maonyo machache yanafaa kuongezwa. Atakayewatumikia watu wa nje na kuacha watoto wake na njaa hajatumikia, amekimbia. Atakayetangaza msaada wake kila baraza amekwisha kulipwa. Na iko huzuni nyingine ambayo ni ugonjwa wa kweli. Mtu asiyelala majuma mengi, au anayeona kwamba ni heri afe, na apelekwe hospitali upesi kama apelekwavyo mwenye malaria, na ndugu zake wasimwambie kwamba amepungukiwa na imani. Kumpeleka huko, na kukaa naye akingoja zamu yake, ni utumishi pia.

Kwa wengine wote, ambao moyo umezimika tu kwa kujitazama mno, dawa ni ile iliyojaribiwa katika vilima vya Rabai. Asiingoje furaha irudi ndipo aanze kutumikia. Waliongoja hivyo wangali wanangoja. Aanze na mtu mmoja aliye karibu, juma hili. Na kama hana budi kuchukua bendera ya matanga, na aichukue, lakini aichukue akitembea, maana nyuma yake wako watu wanaotaka kufikishwa nyumbani.